ALIYETOKA JESHINI ASIACHWE SOKONI PEKE YAKE



Jambo tunalotaka kulisema leo lilianza kwa kicheko, na twaona haya kidogo kuwaambieni. Jioni moja ya siku ya mshahara tulikuwa tumeketi barazani hapa Kaloleni, watu sita wa karakana, tukinywa chai. Akapita jirani yetu, mama mmoja ambaye mtaa mzima humwita Afande, kwa kuwa alitumika jeshini miaka mingi akatoka na cheo cha sajini. Kwapani alikuwa na faili la fomu za bima. Akatusalimu vizuri, akasema, "Vijana wangu, nani kati yenu amewawekea watoto wake akiba ya shule?" Mmoja wetu akamjibu kwa mzaha, "Afande, bunduki umeitupa wapi hata ukashika faili?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Bunduki niliirudisha ghalani nikatia sahihi. Ile ilikuwa na mshahara. Faili hili halina." Akaenda zake.

Neno lile lilituingia. Kesho yake tulikwenda kumwomba radhi, naye akatukaribisha, akatueleza kazi yake ilivyo. Tulipotoka kwake tuliona ya kwamba habari hii si ya Afande peke yake, wala si ya wanawake peke yao. Ni habari ya kazi na ujira, na kwa hiyo ni habari ya chama.

Kazi yake iko hivi. Wakala wa bima lazima kwanza apasi mtihani wa Chuo cha Bima, kisha aandikishwe na Mamlaka ya Kusimamia Bima. Si kazi ya mtu asiyejua kitu. Lakini akisha kuandikishwa hapewi mshahara. Apewa kamisheni tu, yaani fungu katika fedha anazoleta. Tufanye hesabu kama tulivyofundishwa shule ya misheni. Tuseme mteja mmoja anakubali kulipa Sh. 2,000/- kila mwezi, na fungu la mwuzaji ni shilingi 20 katika kila mia. Basi kwa mteja huyo mwuzaji apata Sh. 400/- kwa mwezi. Ili apate Sh. 20,000/- za kodi, chakula na nauli, hana budi awe na wateja 50 wanaolipa bila kukosa. Mteja akiacha kulipa mapema, fungu ambalo mwuzaji amekwisha kulipwa hukatwa. Nauli ni yake, simu ni yake, viatu vinavyokwisha soli ni vyake. Akiugua malaria wiki mbili, wiki hizo hazina kitu.

Afande alituambia jambo jingine lililotusikitisha zaidi. Mara tatu aliwalipia wateja walioshindwa, ili wasihesabiwe kuwa wameacha, naye asikatwe wala asishuke chini ya kiwango alichowekewa. Fedha hizo alizitoa katika kiinua mgongo chake cha jeshi. Ndugu zetu, tazameni vema. Mama huyu alikuwa akitoa fedha za utumishi wake ili apate ruhusa ya kuendelea kufanya kazi isiyo na mshahara.

Tukamwuliza wateja wake wa kwanza walikuwa akina nani. Akasema, "Wenzangu wa kambini. Wananiamini." Hapo ndipo tulipofahamu. Makampuni hupenda kuchukua watu waliotoka jeshini, na husema wanapenda nidhamu yao. Kweli nidhamu ipo. Lakini aliyetoka jeshini ana kitu kingine chenye thamani kubwa, nacho ni orodha ya wenzake wanaomwamini kama ndugu, ambao wana mshahara wa kila mwezi. Akisha kuwauzia wote, orodha imekwisha. Wateja wanabaki kwa kampuni, na mwuzaji anaambiwa kuwa siku hizi amelegea. Basi kampuni haikununua kazi yake tu, ilinunua na urafiki wake, tena kwa bei ya chini. Fadhila za punda ni mateke.

Jambo hili si geni katika mitaa hii yetu ya Mashariki ya Nairobi. Mitaa yetu imejaa majina ya vita. Kariokor ni jina la Carrier Corps, wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918. Burma, lile soko tunakonunua nyama, ni jina la nchi walikopigana askari wa KAR katika vita vya pili. Katika majina hayo mawili mwanamke hayumo. Lakini tukitazama ni nani aliyeketi sokoni, tutaona ya kuwa wanawake waliotoka vitani walikuwamo tangu zamani, ila hawakuandikwa.

Tukumbuke. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wanawake wa Mau Mau hapa mjini walibeba chakula, dawa, barua na hata risasi, na mara nyingi vitu hivyo vilikuwa chini ya mboga ndani ya kapu. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliuzingira mji wote katika msako ulioitwa Anvil. Watu zaidi ya 20,000 walitiwa kizuizini, na wanawake wengi pamoja na watoto walirudishwa kwa nguvu mashambani. Wanawake kama 8,000 walitiwa kizuizini katika miaka ile, wengi wao katika kambi ya Kamiti.

Hali ya Hatari ilikwisha Januari 1960. Wengi waliotoka kizuizini walikuta mashamba yamekwisha kupimwa na kugawanywa, na jina lao halimo. Mwanamke wa namna hiyo, tena pengine mjane, angekwenda wapi? Kazi za reli zilikuwa karibu zote za wanaume. Viwandani hali kadhalika. Basi alikuja mjini, akaketi chini Gikomba, au Burma, au Marikiti, akapanga mafungu ya mboga. Watu wakamwona mwuza mboga tu.

Lakini sisi twauliza: alikuwa ameleta ujuzi gani kutoka vitani? Alijua kuhesabu akiba kichwani bila kuandika. Alijua kumtambua mtu wa kuaminika kwa kumtazama. Alijua kukigawa kidogo kikatosha wengi, na kunyamaza panapotakiwa kunyamaza. Huo ndio ujuzi wenyewe wa biashara. Kwa hiyo wasemao ati askari wa kike aliyeingia katika uuzaji ameshuka, hawajui vita wala hawajui soko. Nasi tuliosoma misheni tulisoma habari ya Lidia wa Filipi, mwuza nguo za zambarau, na hakuna mwalimu aliyetuambia kuwa kazi yake ilikuwa ya aibu. Kuuza ni kazi. Aibu iko katika kumwuzisha mtu bila ujira.

Pale Uhuru Park kuna sanamu ya ukumbusho iliyofunguliwa tarehe 12 Septemba 2015. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na nyuso zao zimegeuzwa wasitazamane, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Mwenye kufikiri na asimame pale kidogo. Taifa limemkumbuka mwanamke yule akiwa na chakula mkononi. Lakini alipokwisha kukitoa, nani aliuliza kesho yake atakula nini?

Kuna jambo moja katika habari hiyo ambalo watu wa chama hawana budi kulikamata. Marufuku iliyowekwa juu ya Mau Mau na wakoloni haikuondolewa siku ya Uhuru. Iliondolewa mwaka 2003. Yaani kwa miaka 40 baada ya bendera kupandishwa, wapiganaji hao, wake kwa waume, hawakuweza kuandikisha chama kwa jina lao. Mtu asiye na chama hana wa kumsemea. Mwaka 2013 ndipo Serikali ya Uingereza ilipokubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 walioteswa, na mmoja wa waliosimama mbele katika kesi ile London alikuwa mwanamke, Jane Muthoni Mara. Miaka kumi baada ya kupata ruhusa ya kuwa na chama, malipo yakapatikana. Miaka 40 bila chama haikuwapatia kitu.

Wengine watasema wako waliosaidiwa. Kweli, wako. Field Marshal Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepata cheo kikubwa kabisa msituni, alitoka mwaka 1963. Baadaye serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilimpa leseni ya kufanya biashara ya pembe za ndovu, kwa kuwa misitu ile aliijua kama kiganja chake. Lakini mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku nchini, na mwaka 1978 biashara ya vitu vya wanyama ikafuata. Hatusemi marufuku ile ilikuwa mbaya. Ndovu walikuwa wanakwisha. Twasema hivi: leseni aliyopewa mtu mmoja ni zawadi, na zawadi ina mwenyewe. Mama Muthoni alikaa na nywele zake za msituni hata Aprili 2022 ndipo zikanyolewa, akafariki Septemba 2023. Watu walimheshimu, na alistahili. Lakini heshima ya mmoja haikuwajengea kibanda wale maelfu waliokaa juani.

Basi tutazame mahali pengine walipofanya vingine. Katika Eritrea, vita vya ukombozi vilipokwisha mwaka 1991, karibu theluthi ya wapiganaji walikuwa wanawake. Walipoachishwa jeshi katika miaka ya 1990, kila mmoja alipewa fedha kidogo za kuanzia maisha. Baadhi yao katika mji wa Asmara hawakwenda kila mtu na zake. Walizikusanya pamoja, wakaanzisha kampuni ya hisa iliyoitwa Bana, wakafungua soko la samaki na mahali pa kuoka mikate. Hatusemi mambo yao yote yalikuwa mepesi. Biashara ni biashara, na serikali ni serikali. Lakini walianza kwa njia iliyo sawa. Fedha ya mmoja yaweza kumezwa kwa mwezi mmoja. Fedha ya wengi yapata meza, mizani na daftari la hesabu.

Turudi kwetu. Wanawake waliingia katika jeshi la Kenya kwa kikosi chao wenyewe kilichoundwa mwaka 1971. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1999, wakachanganywa na wanaume katika majeshi yote. Twajivunia Fatuma Gaiti Ahmed, aliyeingia jeshini mwaka 1983, akawa mwanamke wa kwanza kufikia Brigedia mwaka 2015, akawa Meja Jenerali mwaka 2018, na mwaka 2024 akafanywa kamanda wa Jeshi la Anga. Ni jambo jema sana. Lakini kwa kila mmoja aliyefika juu hivyo wako wengi waliotoka wakiwa koplo na sajini, wangali na nguvu, wana watoto shuleni. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria juu ya askari wastaafu. Sheria ni mlango. Ni kazi ya watu kuuliza kama mlango umefunguliwa, na kama anayebisha ni koplo wa kike mwenye faili kwapani, atajibiwa na nani.

Sasa twawasikia baadhi ya ndugu zetu wakisema, "Hayo yatuhusu nini sisi watu wa reli?" Tutawajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, yametupata sisi wenyewe. Mwaka 2006 reli ilipokodishwa, maelfu ya wafanya kazi walipunguzwa. Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule. Tuliwaona baba zetu wakirudi na kiinua mgongo katika bahasha. Wako walionunua matatu nzee, ikafa barabarani. Wako waliofungua duka, wakalikopesha jirani zao mpaka likafungwa. Wako waliokwenda kuuza nguo za mitumba Muthurwa, wakifukuzwa na askari wa kanjo kama wezi. Walikuwa mafundi wazuri. Hakuna aliyewafundisha kuuza, wala aliyekwenda pamoja nao. Chama kiliwasemea walipokuwa ndani ya lango la karakana. Walipotoka nje ya lango, kikanyamaza. Tukimcheka Afande, twawacheka baba zetu.

Pili, husemwa ati askari mstaafu ana pensheni, anataka nini tena? Pensheni, kwa yule aliyeipata, ni malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya. Haiwezi kuwa sababu ya kutomlipa kwa kazi anayoifanya leo. Mwajiri akizoea kusema, "Huyu ana chake, tumpe kamisheni tu," kesho atasema hivyo kwa mwanao aliyemaliza shule: "Huyu yuko kwa baba yake, tumpe kamisheni tu." Kazi isiyo na mshahara ni kama moto wa nyasi, hauulizi shamba ni la nani.

Tatu, husemwa ya kwamba kuuza si kazi ya chama. Ndugu, tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huu huu wa Kaloleni, Makhan Singh na Fred Kubai pamoja na wafanya kazi wa mji huu walikutana, na palitakiwa uhuru wa Afrika ya Mashariki hadharani. Mwezi wa Mei wakubwa hao wawili walipokamatwa, mji uligoma. Je, mgomo wa siku nyingi watu walikula nini? Mgomo hauli barua za chama. Mtu aliyegoma hula kwa mkopo wa mwuza unga na mwuza mboga. Wauzaji wametubeba sisi wenye mshahara mara nyingi kuliko tulivyowabeba wao.

Basi twataka nini? Hatutaki kupiga kelele bure. Tumekwisha kusoma, tukaulizana, na haya ndiyo tunayoyaleta mbele ya mkutano wa tawi.

Moja. Kweli hatuwezi kuwaandika wauzaji wa bima kuwa wanachama wa reli; katiba ya chama hairuhusu. Lakini viko vyama vinavyohusika. Kipo chama cha wafanya kazi wa benki, bima na fedha, na kipo chama cha wafanya kazi wa biashara na vyakula. Tawi letu liwaandikie barua, liwaulize watafanya nini kwa mwuzaji anayeitwa wakala. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inasema chama hukubaliwa na mwajiri kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kuwa wanachama. Shida yenyewe iko hapo: mwajiri akimwita mtu wakala, amemtoa katika hesabu. Jina hilo ni ukuta. Lazima vyama vyote viubomoe pamoja, kwa kuwa Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki katika kazi.

Mbili. Tudai ya kwamba anayewekewa saa ya kufika, kiwango cha kuuza na msimamizi wa kumtuma, aitwe mfanya kazi wala si wakala, apewe mshahara wa chini, na kamisheni iwe juu yake. Mtu hawezi kuwa huru asubuhi anapodai mshahara, na kuwa mtumwa jioni anapoulizwa hesabu.

Tatu. Chumba cha tawi kiko wazi bure Jumamosi baada ya saa nane. Wapewe wanawake waliotoka jeshini walioko mitaa hii, na wengine wauzao kwa kamisheni, wakutane. Sisi tuna watu waliozoea kusoma mikataba; wasome pamoja nao kabla hawajatia sahihi. Nao wana jambo la kutufundisha. Siku ya mkutano mkuu uliopita tulichelewa saa mbili nzima. Afande akiwapo tungeanza kwa wakati.

Nne. Tuwasaidie kuanzisha ushirika wao wa akiba na mikopo. Kiinua mgongo kikikaa peke yake nyumbani huliwa na jamaa na matatizo. Kikikaa pamoja na vya wenzake, chaweza kuwa soko la samaki kama la Asmara.

Tulimsomea Afande maneno haya kabla ya kuyaleta kwa mhariri, tusije tukasema kwa niaba ya mtu asiyetutuma. Alisikiliza mpaka mwisho. Tukamwuliza kama kuna neno lililopungua. Akasema, "Msiandike kwamba mnanihurumia. Andikeni kwamba nafanya kazi." Ndivyo tulivyoandika.

Mkutano wa tawi ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, ukumbini. Kila mwanachama na aje. Na atakayecheka, acheke akiwa amekuja.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa karakana,
Kaloleni, Nairobi